Shefu wa Avenyu na Shimo Lake

Mtu anayechungulia ndoo za taka za wenzake hapendwi, na shefu wetu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa wetu, hakupendwa kwa miaka mingi. Alikuwa akipita asubuhi, kabla wanawake hatujamaliza kufagia, anaingia uani bila hodi, anainama juu ya ndoo yako na kuanza kuchokoa kwa fimbo. Akichokoa anaguna. Ukimwuliza anatafuta nini, anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyekosa adabu. "Maman," anasema, "chupa inafanya nini mu maganda? Nilisema chupa inabakia pembeni." Nasi tunajibu, "Ndiyo, papa shefu," na akishageuza mgongo tunamsonya.

Sasa naye hayupo, na najua wafu husemwa kwa mema. Mimi nitamsema jinsi alivyokuwa, kwa sababu nilimjua tangu nikiwa msichana wa shule hadi nikawa mama wa watoto na fundi wa cherehani pale soko la Kadutu, na kwa sababu binti yake Mapendo alikuwa rafiki yangu. Tena nisifiche: bado nina hasira naye. Ndiye aliyetufundisha kujaza Shimo kwa taka zetu, na Shimo lilipojaa, ndiye aliyemjengea Mapendo nyumba juu yake.

Asiyeijua Kadutu aelezwe kidogo. Ni mlima uliofunikwa na nyumba, mwenye nyumba ya juu anamwaga maji yake kwenye paa la mwenye nyumba ya chini, na njia zetu nyingi ni za miguu. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kupita ila katikati yetu. Nyuma ya avenyu yetu yalikuwa yamechimba korongo refu, tulilolijua kwa jina la Shimo tu, na kila msimu wa mvua lilikuwa linajiongezea. Lilikula migomba, likala choo, likala nusu ya jiko la mjane mmoja, akawa anapikia kwenye ile nusu iliyobaki. Upande wa taka nako mambo yaliharibika. Zamani, wazazi wetu walisema, lori la mji lilipita barabara ya chini likizoa. Baadaye likawa linapita kwa kubahatisha, na mwishowe tukaliona limewekwa uani mwa komini, ofisi ya serikali ya mitaa, bila magurudumu, kuku wanatagia ndani yake. Basi tulikuwa na Shimo linalotula, na taka zisizo na pa kwenda. Shefu ndiye aliyekaa akaona kwamba shida moja inaweza kutibu nyingine.

"Mulima iko na njaa," alituambia siku ya mkutano. "Hamuoni inakula manyumba yetu? Tuikulishe. Ikishiba itatuacha."

Neno hilo alilirudia mpaka watoto wakawa wanaliigiza njiani, mmoja anatembea kwa kutupa miguu kama yeye, wengine wanaitika. Utaratibu wake ulikuwa na masharti. Kila nyumba ilitenga majivu peke yake, maganda na majani peke yake, chupa na makopo pembeni. Majivu yalimwagwa kwanza, maganda juu yake, na Jumamosi, siku ya Salongo, ile kazi ya lazima ambayo chama tawala kiliwaamuru raia wote, tulitoka na majembe kufukia kwa udongo. Halafu tulikanyaga. Alitupanga mstari mmoja, wanaume na wanawake, hata katekista, naye akasimama ukingoni na filimbi. Akipuliza tunakanyaga, akipuliza tena tunasogea mbele. Kandokando alipanda matete ili mizizi yake ishike. Ukiwa mgeni ungedhani kukanyaga kule ni ngoma ya harusi isiyo na bibi harusi.

Siku hizo za Salongo alivaa abakosti yake, lile koti la wakubwa lisilovaliwa tai, ya rangi ya majivu, imefungwa vifungo mpaka kooni hata jua likiwaka, na chini mabuti ya mpira. Beji ya chama haikukosa kifuani. Mbele ya mkutano sisi sote tulikuwa "sitwayeni", yaani raia, na "sitwayeni mwanamke", hata mama yake mzazi. Mkutano ukiisha, unarudi kuwa papa fulani na maman fulani, naye anakuomba maji ya kunywa.

Na alikuwa mkali. Baba yangu alikosa Salongo moja, homa imemlaza. Shefu aliandikisha jina lake komini kama alivyoandikisha ya wengine, askari wakaja wakampeleka kasho, chumba cha giza chenye sakafu ya maji, akarudi na kikohozi ambacho hakikumtoka tena. Siku aliporudi, ni nani anaingia na kapu la viazi? Shefu. Akaketi kando ya kitanda bila haya.

Baba akamwuliza, "Shefu, unanifungisha, kisha unakuya kuniangalia?"

"Kukufungisha ni kazi," akasema. "Kukuangalia ni ujirani."

Shefu alipotoka, mama alivimwaga viazi vyote kwenye ndoo ya taka. Asubuhi yake shefu akapita kama kawaida, akachokoa, akavikuta. Akavitoa kimoja kimoja, akaenda kuviosha kwenye bomba, akavirudisha mlangoni petu. "Hii si taka," akamwambia mama, akaenda zake. Tulivila. Njaa haina kiburi, na mama alivipika akilia.

Katika kuchokoa kwake kulikuwa na jambo ambalo tulichelewa kulielewa. Nilipokuwa msichana, ndoo za avenyu yetu zilikuwa na makopo ya sadini, magamba ya mayai, karatasi za sukari. Kisha maduka ya wageni yakachukuliwa, yakapewa wazalendo waliojuana na wakubwa, na baada ya muda mfupi rafu zikabaki na vumbi. Makopo yakapotea kwenye ndoo. Baada ya makopo, magamba ya mayai. Maganda ya viazi yakawa membamba, maana kila mama alijifunza kumenya kwa kisu kikali, na zikaja siku ambapo wengine walipika viazi na maganda yake. Shefu aliyaona yote kwa fimbo yake. Akikuta ndoo ya nyumba fulani haina ila majivu asubuhi baada ya asubuhi, hakusema kitu pale. Jioni mke wake alifika kwa mama wa nyumba ile na bakuli la maharagi, anasema, "Yangu imepikika mingi, nisaidie isioze." Hakuna aliyekuwa na maharagi mengi ya kuoza, na kila mtu alilipokea bakuli kana kwamba anaamini.

Lakini huyohuyo, akikuta mifupa kwenye ndoo ya mtu, aliipeleka mkutanoni. "Kuko nyumba inakula nyama," anasema, macho juu, "na ju ya muchango ya majembe ya Salongo inasema haina kitu." Wote tunageuka kutafuta nani ana midomo ya mafuta. Watu waligombana kwa ajili ya mifupa ile. Kuna waliohama.

Mganga hajigangi. Uani kwake ndiko kulikojaa takataka kuliko nyumba yoyote: fremu za baiskeli, tumbo la redio, sufuria zisizo na kitako, milango ya magari ambayo hakuna aliyejua ameitoa wapi. Hakuweza kutupa kitu. Mke wake alilalamika hana pa kuanika nguo. "Kila kitu iko na siku yake," alimjibu, na siku haikufika. Mapendo alikuwa akiniambia kwa kicheko kwamba baba yake angeweza kumtupa yeye kabla ya kutupa msumari uliopinda. Nakumbuka kicheko chake cha puani, amefunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

Shimo, basi, lilijaa. Nasema hivi kwa haki: kazi ilionekana. Mahali palipokuwa na mdomo wa kutisha pakawa na uwanja, matete yamesimama pembeni, watoto wanacheza mpira wa matambara. Jiko la mjane halikuliwa tena. Wakubwa wa komini walikuja kupiga picha, wakahutubia juu ya maendeleo, na mmoja wao, kabla hajapanda gari, akaanza kuupima uwanja kwa hatua zake. Kwetu mlimani, ardhi tambarare haikai bila mwenyewe. Kabla ya mvua kurudi ilikuwa imekatwa viwanja, na vigingi vimepigwa.

Tatizo likawa kwamba sisi tulioujaza tuliuogopa. Wakati wa kiangazi moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye nyufa, na ukivua kandambili unasikia joto chini ya unyayo. Wengine walisema ni mizimu. Shefu alicheka. "Ni majivu inapumua," alisema. "Udongo mupya iko vile." Lakini hakuna aliyejenga, na nadhani hilo lilimuuma kuliko kusonywa kote. Alikuwa ametumia maisha yake kuulisha mlima, na sasa watu wanakataa kulala kwenye shibe yake.

Kwa hiyo akamtoa Mapendo. Mapendo alikuwa ameolewa na kijana wa Luberizi, kule kwenye bonde la Ruzizi wanakolima mpunga, na kijana huyo alikuwa ameondoka kwenda kutafuta dhahabu Kamituga, habari zake zinakuja mara moja moja. Wakwe walituma watu wamchukue mkewe akae nao. Shefu akawakaribisha, akawapa pombe ya ndizi, akawakatalia.

"Luberizi iko joto na mbu," aliwaambia. "Binti yangu atakaa mu ville, hapa mujini, mu parcelle yake, kiwanja yake mwenyewe. Bwana yake akirudi atakuta nyumba."

Akaijenga mwenyewe, ya mbao na mabati, nyumba ya kwanza juu ya Shimo. Kila kitu alikiokota uani kwake, isipokuwa mlango. Mlango aliutengenezesha kwa seremala, wa mbao nyekundu nzito, akaupaka mafuta mpaka ukawa unang'aa, na siku ya kuhamia aliufungua na kuufunga mbele yetu ili tuone unavyokaa vizuri. Ulikaa vizuri kweli. Nyumba tatu nne nyingine zilifuata mwaka ule.

Mvua za kwanza zilipopita, mlango ukaanza kukwama. Mapendo akamwambia baba yake. Akaja na randa, akaung'oa kwenye bawaba, akaulaza kwenye benchi, akaranda pembe ya chini, akaurudisha. Ukafunga. Mvua zilizofuata ukakwama tena, safari hii juu. Akaranda juu. Ikawa desturi: mvua zikitulia, tunamwona shefu anakatiza uwanja na randa kwapani. Vijana walimtania, "Papa shefu, ile mulango itaisha!" Naye anajibu, "Mbao inakunywa maji, inavimba. Hamujue mbao?" Mlango uliokuwa mstatili sawasawa ukawa na bega moja juu na jingine chini, kama mtu anayebeba mzigo upande mmoja. Sisi tulicheka. Kwa nini tulicheka, sijui, maana macho tulikuwa nayo.

Siku moja Mapendo alikuja kwangu sokoni, mgongoni mtoto mchanga aliyeachiwa mumewe alipopita nyumbani siku chache mwaka uliotangulia, akaketi kwenye kigoda karibu na cherehani. Hakutaka kushonewa kitu.

"Usiku ninasikia chini inanguruma," akaniambia. "Sawa tumbo ya mutu haikule."

"Basi toka," nikasema. "Enda kwa wakwe. Mbu haiuwe batu yote."

"Nikitoka, bale ba manyumba ingine nao batatoka. Batu batasema papa alitudanganya. Miaka yote ile, filimbi, kasho, yote ilikuwa bure. Unafikiri ataishi?" Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Ngoja bwana yangu arudi. Akirudi, tutaenda Luberizi, na papa ataona ni mambo ya bwana, si ya Shimo."

Nilimpa mabaki ya kitenge amshonee mtoto kofia. Mabaki mengine, kama kila jioni, niliyatia kwenye ndoo.

Wiki chache baadaye, ilikuwa mchana, watu wako sokoni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ile isiyo na ngurumo, inayokuja kukaa. Kwanza tulisikia mlio wa mabati, kisha kishindo kizito cha chini, na baada yake kimya ambacho nilikitambua kabla hajatokea mtu wa kuniambia. Nilikimbia na nyuzi shingoni. Uwanja haukuwapo. Shimo lilikuwa limefunguka upya, pana kuliko zamani, na kila tulicholilisha miaka ile yote kilikuwa kimeteremka bondeni, cheusi, kinatoa mvuke. Wale wa nyumba nyingine walikuwa wametoka kwenda kazini na shuleni. Mapendo alikuwa ndani, ananyonyesha.

Tulichimba kwa majembe ya Salongo. Hakuna aliyepuliza filimbi. Na katika kuchimba tulijikuta tunachimbua maisha yetu wenyewe: kandambili ya marehemu baba yangu niliyoijua kwa waya alioiunganishia, kikombe cha bati cha jirani, vipande vya vitenge nilivyokata kwa mikono yangu, havijaoza, rangi zake bado zinaonekana. Tulipofika chini zaidi tukakuta makopo ya sadini ya miaka ile mizuri. Mama mmoja alikaa na kopo mkononi akapiga yowe. Shefu alichimba kwa mikono, abakosti imepasuka mgongoni, anaita, "Mape! Mape!" kama mtu anayeita mtoto aje kula.

Mtoto tulimpata jioni, amekufa, kofia yake kichwani. Mapendo hatukumpata. Mlango tuliupata. Kila tulipofukua, kipande kingine kilishuka, moshi unatuchoma macho, wachimbaji wawili wakazimia, na komini ikatuma askari kutuamuru tuache kabla hatujaongeza maiti. Shefu walimtoa kwa kumbeba.

Kwenye matanga hakuna aliyemlaumu mdomoni. Wakwe wa Luberizi walikuja, wakaomba mwili wa Mapendo, wakaambiwa haukupatikana, wakakaa na kuondoka bila kula. Mume wa Mapendo alifika miezi baadaye na mgongo uliopinda, akasimama ukingoni muda mrefu, akarudi alikotoka. Filimbi shefu aliipeleka komini mwenyewe. Mlango aliuchukua, akautia kwenye nyumba yake, ijapokuwa haukulingana na fremu, na paka alipita chini yake bila kuinama.

Na taka? Lori bado lilikuwa uani mwa komini. Tuliziweka nyumbani siku chache za msiba, zikanuka, panya wakaja, watoto wakaanza kuhara. Aliyekwenda kumwaga Shimoni wa kwanza simjui. Wa pili alimfuata wa kwanza. Safari hii hapakuwa na mpango, kila mtu anarusha kutoka alipo na kuondoka mbio. Kwa kuwa nyumba ya shefu ilikuwa ya mwisho kabla ya ukingo, na yeye anashinda kizingitini, tulizunguka kwa njia ya mjane ili tusipite mbele ya macho yake.

Miaka ikapita hivyo. Asubuhi moja mvua ilikuwa imekata njia ya mjane, nikalazimika kupita kwake na ndoo yangu. Nilidhani amelala. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amekonda, abakosti ileile imeshonwa mgongoni kwa uzi wa rangi nyingine, na ule mlango nyuma yake.

"Ni wewe fundi," akasema. "Kuya."

Nikaenda. Hasira niliyoilea miaka yote ile ilinitangulia, na kabla sijamsalimu nilimwuliza nilichotaka kumwuliza. "Papa shefu, wakati ule unaranda mulango, ulikuwa unajua?"

Akauegemeza mkono kwenye mlango, pale penye bega la chini.

"Nilikuwa naikata mulango," akasema. "Kila mwaka naikata. Mulango haikukuwa na kosa."

Niliinua ndoo nirudi nilikotoka, niende kumwaga kwingine, popote. Akanizuia kwa fimbo. Akaniashiria niitue mbele yake, akainama, akaanza kuchokoa kama zamani, polepole. Aliyapita maganda, akayapita mabaki ya vitenge, akaguna. Akatia vidole na kutoa kipande cha chupa iliyovunjika, akakiweka chini kando ya kigoda chake. Hapo ndipo nilipoona rundo la vipande vya chupa lililokuwa pale, na nikajua kwamba alikuwa akishuka Shimoni kuviokota.

"Nilisema chupa inabakia pembeni," akasema. "Itamukata Mape."

Machozi yalinitoka, naye hakunitazama. Alinisukumia ndoo.

"Sasa enda. Lakini usirushe. Umwage polepole."

Nilishuka mpaka ukingoni, nikapiga magoti kwenye matope, nikaiinamisha ndoo kidogo kidogo mpaka ikaisha.